Maji ya Kifaranga Katika Wiki Nne za Mwanzo

Mada iliyotolewa na afisa mifugo mbele ya wafugaji wa kuku wa asili, Kata ya Ulemo, Halmashauri ya Wilaya ya Iramba



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya ufugaji bora wa kuku wa asili. Mada hiyo ni pana mno kwa asubuhi moja, nami nimewaomba waandaaji waniruhusu niipunguze mpaka libaki jambo moja: maji anayokunywa kifaranga tangu anapototolewa hadi anapotimiza mwezi. Najua wapo watakaoona nimechagua dogo. Tukikutana kwa ajili ya kuku tumezoea kusikia habari za chanjo, mbegu na soko. Chanjo nitaigusa, kwa kuwa nayo ina uhusiano wa karibu na maji kuliko wengi wanavyodhani. Mengine yana siku yake.

Kuku wa Singida ana jina. Huko Dar es Salaam mchuuzi anayetafuta bei nzuri humwapia mteja kwamba kuku wake ametoka Singida, hata kama hajawahi kuvuka Morogoro. Jina hilo ni mali yetu sote, na kwa kaya nyingi za kata hii kuku ndiye akiba ya mama: ndiye daftari, ndiye sare ya shule, ndiye nauli ya kwenda hospitali ya wilaya Kiomboi. Hata hivyo, kila mfugaji hapa anaijua hesabu inayotuumiza. Tetea huatamia, hutotoa vifaranga kumi au kumi na wawili, na baada ya miezi miwili hubaki na watatu au wanne wanaomfuata. Tukiuliza wengine wamekwenda wapi tunajibiwa: mwewe, kicheche, mdondo, baridi. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini ni nadra mno kumsikia mtu akitaja kiu, kwa sababu kiu haiachi manyoya uani wala haina mlio wa kumwamsha mtu usiku. Humdhoofisha kifaranga mpaka baridi ndogo, au ugonjwa ambao mwenzake angeuvumilia, ummalize. Lawama huenda kwa baridi.

Tutazame kwanza mwili wake ulivyo. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa kifaranga ni maji. Kuku hana jasho. Joto linapomzidi hutanua mdomo na kuhema, na kila pumzi hutoka na mvuke. Kwa hiyo njia yake ya kujipoza ndiyo hiyo hiyo inayomkausha. Tena mkojo wake hautoki kama wetu: taka za damu hutolewa pamoja na kinyesi kwa namna ya ute mweupe kama chokaa. Maji yakipungua mwilini, figo hushindwa kuzisafirisha taka hizo, nazo hujikusanya ndani. Mkimpasua kifaranga aliyekufa kwa kiu ya muda mrefu mnaweza kukuta unga mweupe umetanda juu ya moyo na ini. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni sumu, na wakati mwingine ugomvi na jirani huanzia hapo.

Ipo dhana nyingine inayotupotosha, nayo ni kwamba kifaranga mchanga ana akiba. Ni kweli kwamba kabla ya kuangua huvuta kiini cha yai kikaingia tumboni, na kiini hicho humtunza kwa siku mbili hivi, hata tatu. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa kwenye maboksi kutoka mashamba ya kutotolesha mpaka huku kwetu. Lakini kuweza kuishi ni jambo moja, na kukua ni jambo jingine. Aliyechelewa kunywa huchelewa kula, kwa maana kuku hali vizuri bila maji, na siku alizozipoteza mwanzoni hazirudi. Chini ya tetea tatizo huwa hili: mayai hayaanguliwi kwa saa moja. Wa kwanza anaweza kutoka jioni, wa mwisho kesho yake au zaidi, na mama haondoki kiotani mpaka amalize. Wekeni kisahani cha maji kando ya kiota, mahali ambapo tetea anaweza kukifikia bila kusimama na kifaranga anaweza kukifikia bila kupotea. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili.

Kwa wanaonunua vifaranga wa siku moja, utaratibu unabadilika kidogo. Wanapofika kutoka safarini wapeni maji kwanza, chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Maji yasiwe ya baridi ya kutoka mtungini. Yawe vuguvugu, kwa kuwa kifaranga mchanga hawezi bado kulihimili joto la mwili wake mwenyewe. Glukosi kidogo au sukari kidogo siku ya kwanza humsaidia aliyechoka. Chumvi msitie, nitaeleza baadaye. Wachukueni wachache, mmoja mmoja, na kuwachovya ncha ya mdomo majini taratibu, bila kuzamisha pua. Hawa wakishajua, wengine huiga. Kifaranga huvutwa na kitu kinachometameta, naye hudonoa tone la maji kwa sababu linang'aa kabla hajajua kwamba ni maji. Chombo kilichowekwa gizani kwenye kona kinaweza kujaa mchana kutwa na vifaranga wasikione.

Tutajuaje kwamba wamekunywa? Ipo njia isiyohitaji kifaa. Asubuhi inayofuata, kabla hamjawapa chochote, washikeni vifaranga kumi hivi na kupapasa gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo. Likiwa limejaa na ni laini kama uji mzito, kifaranga amekula na kunywa. Likiwa limejaa lakini ni gumu na mnahisi chembe za chakula, amekula bila kunywa. Likiwa tupu, hakupata chochote. Wakikutwa watatu au wanne kati ya kumi wana gole gumu, wala msiwatazame wao. Tazameni mahali mlipoweka maji.

Dalili za kukaukiwa zenyewe huonekana kwanza miguuni. Ngozi ya mguu wa kifaranga mwenye afya ni nyororo na imejaa. Ya mwenye kiu hukunjamana, hukauka, na mshipa huonekana kama uzi. Baadaye macho huzama, mabawa hulegea, hupiga kelele kwa sauti nyembamba isiyokoma, kisha hunyamaza na kusinzia. Kunyamaza huko msikufurahie. Akiwa bado anaweza kusimama, mtengeni, mpeni maji vuguvugu yenye sukari kidogo kwa matone, matone machache kila baada ya muda, kando ya mdomo. Msimmiminie kooni, kwa sababu maji yakiingia kwenye njia ya hewa mtakuwa mmemwua kwa mkono.

Sasa nije kwenye chombo, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa katika ziara za vijiji nimeona vifaranga wengi wakidhurika kwa chombo kibaya kuliko kwa kukosekana maji. Sufuria lenye kina huwazamisha. Kifaranga akilowa, hata akitoka, baridi humpata na mara nyingi hapati nafuu. Bakuli lililo wazi hukanyagwa, hunyewa, hujaa maranda, na kufikia saa nne asubuhi limekuwa tope. Mwenye bakuli tu na atie mawe madogo yaliyooshwa, maji yabaki katika nafasi za katikati ya mawe. Kifaranga atakunywa bila kuzama. Lakini kilicho bora hutengenezwa nyumbani bila gharama kubwa. Chukueni kopo la plastiki la lita moja au mbili lenye mfuniko, na sahani yenye kingo zinazozidi upana wa kopo kwa vidole viwili. Toboeni tundu dogo ubavuni mwa kopo, karibu na mdomo wake, na hapa ndipo penye siri: tundu liwe chini kuliko ukingo wa sahani. Jazeni maji, fungeni, geuzeni juu chini kwenye sahani. Maji yatatoka mpaka yafunike tundu, kisha yatasimama, kwa kuwa hewa haiwezi tena kuingia kuyasukuma. Vifaranga wakinywa, tundu hufunuka, hewa huingia kidogo, na maji hushuka kidogo. Tundu likiwa juu ya ukingo, maji yote yatamwagika sakafuni, na hapo mtasema mtaalamu amewadanganya.

Kinywesheo hicho kiwekwe juu ya tofali au kibao, ukingo wa sahani ulingane na mgongo wa kifaranga, nanyi mkipandishe kadiri wanavyokua. Kikiwa chini, maranda huingia na maji humwagika, na matandazo yaliyolowa karibu na joto ndiyo shamba la koksidiosisi. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka na kinyesi vikiwa havijakomaa. Hukomaa vikipata unyevu na joto. Mkiona kinyesi chenye damu kwa vifaranga wa wiki tatu au nne, kaguzeni kwanza palipo na maji. Ondoeni kila siku matandazo yaliyolowa. Oshani sahani kila asubuhi kwa kuisugua, kwa maana ule utelezi unaouhisi kidoleni ni makazi ya vijidudu, na kuongeza maji safi juu ya utelezi hakusaidii.

Joto la chumba cha kulelea nalo lina habari yake. Wiki ya kwanza kifaranga huhitaji kama nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi karibu na chanzo cha joto, kisha hupunguzwa kidogo kila wiki. Wengi wetu tunatumia jiko la mkaa au chungu cha makaa, ambacho hukausha hewa na pia hutoa moshi usioonekana unaoua, kwa hiyo upenyo wa hewa ni lazima. Vifaranga wenyewe ndio kipimo. Wakirundikana, wanaona baridi, na aliyerundikana haendi kunywa hata kama maji yako hatua moja mbele yake. Wakikimbilia kutani, mabawa wazi, midomo wazi, joto limezidi na wanakauka. Msiweke maji chini ya moto wala mbali sana nao. Yawe ukingoni mwa joto. Nje, kwenye jua la Septemba na Oktoba, chombo kiwe kivulini muda wote, kwa kuwa kuku hupunguza kunywa maji yakiwa ya moto, yaani wakati uleule anaoyahitaji zaidi.

Mtaniuliza ni maji kiasi gani. Kuku, mkubwa kwa mdogo, hunywa kwa uzito karibu mara mbili ya chakula anachokula wakati wa hali ya hewa ya wastani, na hupita hapo joto linapozidi nyuzi 30. Tetea mmoja huhitaji kama robo lita kwa siku. Kifaranga wa wiki ya kwanza anatosheka na kiasi cha kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Fanyeni hesabu ya kaya yenye matetea ishirini na vifaranga mia moja: matetea lita tano, vifaranga lita moja na nusu. Haijafika nusu ya ndoo ya lita 20. Nalisema hili kwa heshima kwa akina mama na mabinti wanaobeba ndoo hiyo kichwani, wengine kutoka mbali, hasa kuanzia Julai visima vya karibu vinapokauka. Sisemi maji ni mengi. Nasema kwamba sehemu ya kifaranga ni ndogo mno kiasi kwamba mara nyingi anachokosa ni chombo na mtu wa kukijaza. Wakati wa palizi nyumba nzima huondoka alfajiri. Bakuli hujazwa saa kumi na mbili, hukauka saa nne, na mtu wa kwanza kurudi hufika saa tisa. Saa tano hizo katikati ya mchana ndizo zinazoua. Kopo la lita mbili lililogeuzwa hujibu swali hilo bila kuhitaji mtu kubaki nyumbani.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kwa hiyo anayetaka maji ya kiangazi huyakamata masika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la nyumba ya mita sita kwa nane likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 960. Tukitoa yanayopotea, mnaweza kuweka 800. Mvua ya kwanza ya msimu iacheni ioshe bati. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza kuulizia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata utaratibu wa mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na tangi pamoja na mifereji ya bati vinafaa kuandikwa katika andiko la mradi wa kuku. Sijui kwa nini maandiko mengi ninayoyasoma yana banda, yana chakula, yana hata mzani, lakini hayana tangi.

Niliahidi kurudi kwenye chumvi. Baadhi ya visima vya mkoa wetu hutoa maji yenye ladha ya chumvi au magadi. Figo za kifaranga ni changa na haziwezi kuitoa chumvi nyingi. Hunywa zaidi, huharisha maji, huvimba tumbo, hufa. Maji ambayo ulimi wa mtu mzima huyatambua kuwa na chumvi msiwape vifaranga wa wiki za mwanzo. Wawekeeni ya mvua au ya bomba. Ndiyo sababu sipendi ule mchanganyiko wa chumvi na sukari tunaowapa watoto wanaoharisha utumike kwa vifaranga: kipimo cha mtoto si kipimo cha kifaranga. Mkoa wetu pia umo katika ukanda ambao maji ya baadhi ya visima yana floridi nyingi, lakini hilo linagusa meno na mifupa ya watoto wetu kuliko vifaranga wa mwezi mmoja, na wenye kisima wanaotaka maji yapimwe waanzie kwenye chombo chao cha watumia maji, nacho kitawasiliana na RUWASA.

Kuhusu chanjo ya mdondo: chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine na inayotengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, nayo kipimo chake ni kile kile kwa kifaranga na kwa jogoo. Njia ya jicho ndiyo ninayoipendekeza. Wapo wanaochanja kwa maji ya kunywa, na humo ndimo chanjo nyingi hupotea. Ndani ya chupa mna kirusi hai. Klorini ileile inayotulinda sisi na kipindupindu humuua kirusi huyo kabla hajafika kooni mwa kuku. Atakayelazimika kutumia njia ya maji na atumie maji yasiyotiwa dawa, katika chombo cha plastiki kisicho na sabuni, awaondolee kuku maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, na chanjo yote inywewe ndani ya saa mbili. Vifaranga wachanga wasinyimwe maji kwa ajili hiyo; wao wachanjwe jichoni.

Kijana mmoja aliniuliza nilipokuwa nikiingia kama ni kweli nyoka hawahitaji maji, kwa kuwa huwaona kiangazi chote wakiwa na afya. Nyoka wanahitaji maji, ila hupoteza kidogo kwa sababu hawahemi kujipoza kama kuku, na wao pia hutoa taka nyeupe kama chokaa badala ya mkojo mwingi. Hata hivyo, wanaowatunza katika bustani za nyoka, kama ile ya Meserani karibu na Arusha, ni lazima wawawekee maji safi, na mtunzaji humtambua nyoka mchanga aliyekaukiwa kwa ngozi yenye mikunjo na kwa gamba linalovuliwa vipande vipande badala ya kutoka zima. Ikiwa mnyama anayesifiwa kwa kuvumilia kiu hupewa bakuli lake kila siku, kifaranga ana haki zaidi. Nyoka wa porini msimfuge. Wanyamapori wana sheria yao, Namba 5 ya mwaka 2009, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Akionekana bandani, kinachomleta ni panya, mayai na vifaranga. Zibeni matundu, ondoeni marundo ya kuni ukutani, na muwaondoe watoto mahali hapo.

Kila anayehitaji chanjo na ajiandikishe kwa afisa mifugo wa kata kupitia kikundi chake, kwa kuwa chupa moja huchanja kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya wiki ijayo. Makopo, sahani na msumari viko hapa mezani, na jiko la kuuchoma msumari limeshawashwa. Akina mama wa safu ya mbele, karibuni muanze; tutatoboa, tutajaza, tutageuza, na kopo litakalovuja tutalitafutia sababu yake hapa hapa.